Methotreksati inanilaza kila Ijumaa, prednisoloni inanivimbisha uso. Nyie mnapima vipi?

Fundi wa Makorora

Assalaam aleikum na habari za jioni nyote. Wakubwa shikamooni.

Mwenzenu ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Makorora hapa Tanga. Nina baridi yabisi, na naisema mapema kwamba si ya uzee wala si jongo. Ni ile ya rumatoidi, ambapo kinga ya mwili inavishambulia viungo vyenyewe. Damu ilipimwa, mikono ikapigwa picha, hakuna ubishi. Nisichokijua ni namna ya kupima dawa. Kila ninayemuuliza ana jibu moja kati ya mawili: meza kama ulivyoandikiwa, au tupa sumu hizo. Nataka kuwasikia mnaoishi nayo.

Nianze na mikono, maana ndiyo inayonilisha. Vidole vilianza kuuma pale vinapoungana na kiganja, kulia na kushoto kwa pamoja, halafu vifundo vya mikono, halafu nyayo. Nikiamka vimevimba na vimekakamaa, ngumi haikunjiki, na hali hiyo haikuwa ikiachia mpaka watoto wameshakwenda shule na jua limeshapanda. Mkasi mzito wa kukatia nikawa naushika kwa mikono miwili. Kutunga uzi kwenye sindano ikawa kazi ya binti ninayemfundisha. Na nyie mnaijua Tanga yetu ya baiskeli; yangu niliiegemeza ukumbini nikaiacha, kwa sababu breki sikuweza kuzibana, na mtu asiyebana breki akaingia njia ya Ngamiani anatafuta kifo chake.

Wateja hawayajui haya. Wao wanaona fundi anachelewesha, na Shaabani ikishaingia fundi anayechelewesha anahamwa, tena kitambaa kinachukuliwa bila salamu.

Muda mrefu nilikuwa mtu wa diklofenaki. Inatuliza, nashona, jioni maumivu yanarudi palepale. Tumbo likaanza kuunguza, nikaenda hospitali ya Bombo, nikapewa rufaa kwenda kwa bingwa Dar es Salaam, na bingwa ndiye aliyenianzishia hizi ninazowaulizia.

Ya kwanza prednisoloni, steroidi ya kutuliza uvimbe. Jamani, hii dawa! Haikupita wiki nikaitoa baiskeli nje. Nilibana breki kwa vidole viwili nikacheka peke yangu njiani, watu wakanitazama. Nikakata satini ya bibi harusi bila binti kunishikia upande wa pili. Mtu angeniambia nisaini niimeze maisha, ningesaini siku hiyohiyo. Halafu ikaanza kudai chake. Uso ukawa mviringo mpaka wifi yangu akanipa hongera, akidhani ndoa imeninenepesha. Saa nane za usiku naamka nakula kiporo. Sukari nilipopimwa asubuhi sijala ilikuwa 6.8, na mama yangu alikatwa kidole cha mguu kwa sukari, kwa hiyo namba ile sikuicheka. Bingwa anataka tuishushe taratibu. Sasa nipo miligramu 5, na kila akitaka kunipeleka chini ya hapo vidole vinanikumbusha nilikotoka.

Ya pili methotreksati, ya kuituliza hiyo kinga inayoshambulia viungo. Vidonge sita vya miligramu 2.5, jumla 15, mara moja tu kwa wiki. Nameza Alhamisi usiku. Foliki, ile vitamini ya kupunguza madhara yake, ya miligramu 5 nameza Jumapili. Sasa Ijumaa yangu imekufa. Siyo kwamba natapika sana. Ni kile kichefuchefu cha kukaa kooni, kichwa kizito, mwili hauna mtu ndani. Harufu inayonimaliza kuliko zote ni ya kitambaa kipya, ile dawa wanayokitia kiwandani. Fundi anayekimbia harufu ya kitambaa! Na Ijumaa baada ya swala ndiyo siku watu wanapitia nguo zao. Vidonda vya mdomo vimewahi kunitoka, vikapona. Nywele zinazobaki kwenye kitana zimeongezeka, siyo za kutisha, ila naziona.

Upande wa pili ni huu. Nyuma ya daftari la vipimo vya wateja huwa naandika kila asubuhi ngumi imekunjika saa ngapi. Wiki za mwanzo za methotreksati hakuna tofauti, nikawa nasema hii ni ya kunichefua bure. Ilipokaribia miezi miwili saa zikaanza kurudi nyuma: saa nne, saa tatu, saa mbili na nusu. Siku hizi nikiamka saa kumi na mbili, ikifika saa moja na nusu mkono unafanya kazi. Na nafuu hiyo siyo ya prednisoloni, kwa sababu prednisoloni ilikuwa inashuka wakati huohuo.

Halafu nikaisoma karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi. Ini. Mapafu. Uboho wa mifupa. Na kwamba ni dawa ya saratani. Tangu hapo kila Alhamisi nakaa na glasi ya maji mkononi nikibishana na nafsi.

Mtaani ushauri haununuliwi. Jirani yangu ananiletea unga wa mizizi, anasema umetoka Handeni, ukilamba leo kesho unakimbia. Mwingine anasema nimetupiwa kitu. Huyo simjibu.

Kwa hiyo naomba akili zenu. Siku moja na kipande ya kila wiki, ni bei ya haki kwa mikono? Nikipunguza vidonge viwili kimyakimya kuna ubaya gani? Kwa nini nisibaki na prednisoloni yangu ndogo niachane na hii nyingine? Na katika haya, lipi ni la kuvumilia na lipi la kunitoa nyumbani usiku kwa usiku? Msinitishe, lakini pia msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mwalimu Mstaafu, Pangani

Marahaba mwanangu, na pole.

Ugonjwa huo ninao tangu nikiwa nafundisha, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Methotreksati kwa ajili ya viungo wakati ule huku kwetu sikupata kuisikia. Marekani yenyewe mamlaka ya dawa iliiruhusu kwa ugonjwa huu mwaka 1988. Mimi nilipewa aspirini, baadaye prednisoloni, na prednisoloni nikakaa nayo miaka mingi. Kwa hiyo hilo swali lako la kubaki nayo nitalijibu kwa mwili wangu.

Nimefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho macho yote mawili, kabla ya kufikia umri ambao wenzangu huanza kulalamikia macho. Pingili moja ya mgongo ilibonyea nilipoinua ndoo ya maji, tena ndoo ndogo. Daktari akasema mifupa imekuwa myepesi, na prednisoloni ya muda mrefu ni moja ya sababu kubwa za hali hiyo. Ngozi ya mikono inachubuka nikijipangusa kwenye ukuta. Dawa iliyonipa raha kuliko zote ndiyo iliyonitoza zaidi, ila haikutoza papo hapo. Methotreksati inakutoza Ijumaa asubuhi, unaiona, unaichukia. Ile nyingine inakopesha.

Na vidole? Vimelalia upande wa kidole cha mwisho, mikono yote miwili. Maumivu yalipungua yenyewe kadiri miaka ilivyokwenda, watu wakanipongeza kwamba nimepona. Kiungo kikishaliwa kinaweza kupoa kisivimbe kama zamani, lakini chaki hakishiki.

Hilo ndilo ambalo karatasi yako haikukuambia. Dawa imeandikiwa madhara yake yote, hata yale yanayompata mtu mmoja katika maelfu. Ugonjwa haujaandikiwa. Ungekuja na boksi lake ungesoma humo: unaharibu viungo visirudi, unapunguza damu, unaweza kuingia mapafuni, unaongeza hatari ya maradhi ya moyo. Usiiweke karatasi moja mezani ukaiacha nyingine.

Nilipofika kwa bingwa nilianzishiwa haidroksiklorokwini na sulfasalazini. Hiyo ya kwanza ni ndugu wa klorokwini, ile tuliyokuwa tunameza kwa malaria kabla nchi haijaiacha mwaka 2001, na wa umri wangu wanaikumbuka kwa kuwasha mwili mzima. Hii nayo huwasha baadhi ya watu, mimi haikuniwasha. Jambo lake ni macho. Hupimwa kwa uzito wa mtu, isizidi miligramu 5 kwa kila kilo kwa siku, macho yakaguliwe mwanzoni, na ukishaimeza miaka mitano yakaguliwe kila mwaka. Hiyo ya pili iligeuza mkojo wangu rangi ya chungwa, mama watoto akataka tutafute bajaji usiku uleule. Ni kawaida yake.

Nakutajia ili ujue dawa siyo moja. Methotreksati ikikushinda kabisa zipo nyingine za kuulizia. Lakini ziuliziwe, siyo mtu ajipunguzie gizani.

Mizizi na Majani

Nyie endeleeni kumeza dawa za saratani. Hiyo ni baridi imeingia kwenye mifupa, itolewe. Tangawizi, manjano, habasoda, kuchua na mafuta ya nyonyo, acha nyama nyekundu, acha maji ya friji. Babu yangu kafa mzee sana na alikuwa bado anapanda mnazi. Madaktari wanatafuta wateja.

Binti Chumbageni

Babu yako alikuwa na rumatoidi au alikuwa na mnazi tu? Tangawizi nakunywa kwenye chai kila siku ya Mungu, na vidole vilivimba vilevile.

Dada fundi, mie nipo kwenye methotreksati kama wewe, lakini sindano. Vidonge vilinishinda kwa sababu hizohizo unazozitaja. Mie harufu yangu ilikuwa samaki wa kukaanga, na nyumbani kwetu tunakaanga samaki wa kuuza, sasa fikiria. Sindano ni ya chini ya ngozi, ndogo tu, najichoma mwenyewe pajani. Mara ya kwanza nilimaliza robo saa nimeishika naiangalia. Sasa hivi namaliza kabla maji ya chai hayajachemka. Kichefuchefu hakijaisha, ila kinaishia asubuhi. Zilizotumika natia kwenye chupa ngumu ya plastiki nikijaza naipeleka hospitali, usitupe jalalani kuna watoto.

Na kwa mikono, ukiamka iloweke kwenye maji ya vuguvugu huku unafungua na kufunga vidole. Vipini vya mkasi vizungushie vipande vya kitambaa vinenepe. Kitu chembamba ndicho kinachouma kukishika. Wewe vipande huvikosi.

Sasa na mie nina langu, mnisamehe nikiingilia. Ndoa yangu inshaallah ni mfungo mosi, na ukweni wanataka mjukuu jana. Nimesikia dawa hii na mimba haviendi pamoja. Nikiacha naogopa kurudi kule nilikokuwa navalishwa sidiria na mdogo wangu. Kuna anayejua?

Mfamasia wa Muheza

Nimesoma. Nitajibu kama ninavyojibu dirishani, msinidai mpangilio. Mimi ni mfamasia, siyo daktari wenu, na kadi zenu sijaziona.

Dada fundi, hilo neno saratani kwanza. Ni kweli methotreksati ilianzia huko. Lakini mgonjwa wa saratani anaweza kuingiziwa mamia ya miligramu, wengine maelfu, kwa mara moja. Ya viungo ni kati ya 7.5 na 25 kwa wiki nzima. Hatari ninayoiogopa zaidi kwenye vidonge hivi siyo ini. Ni mtu kuvimeza kila siku badala ya kila wiki. Hilo limeua watu, na kwenye nchi zenye hospitali kubwa. Ndiyo maana vikipita mikononi mwangu naandika jina la siku juu ya pakiti kwa kalamu nene, na namwambia mtu asivichanganye kopo moja na dawa za presha za bibi. Vipo vya 2.5 na vipo vya 10. Ukibadilishiwa boksi, soma namba kabla hujahesabu sita.

Kupunguza kimyakimya usifanye, na sababu siyo utii. Daktari atakuona vidole vimevimba, ataamini 15 imeshindwa, atapandisha au atabadilisha dawa, kumbe 15 yenyewe huimezi. Kabla ya hapo yapo ya kufanya. Siku inaweza kuhama: ukisogeza mbele mara moja tu kutoka Alhamisi hadi Jumamosi usiku, ukabaki hapo, hakuna kinachoharibika, usirudishe nyuma, dozi mbili zisikaribiane. Meza ukiwa umeshakula, karibu na kulala. Daktari anaweza kukubali uigawe, nusu jioni nusu wakati wa kulala, ndani ya siku ileile moja. Anaweza pia kuongeza foliki. Wapo wanaomeza kila siku isipokuwa siku ya methotreksati. Na hakikisha ni foliki yenyewe, maana vile vidonge vya wajawazito ni chuma kilichotiwa foliki kidogo, na naona watu wanavibadilishana. Ikishindikana ndipo sindano kama ya Binti Chumbageni.

La kuvumilia ni huo uchovu wa siku moja, nywele kupungua kidogo (huota tena), kidonda cha mdomo kinachokuja na kuondoka. Lakini ukipata kikohozi kikavu na pumzi inakata, huna hata mafua, toka. Mdomo ukijaa vidonda mpaka kumeza ni shida, toka. Michubuko usiyojua imetoka wapi, fizi kutoa damu, macho kuwa ya manjano, toka. Kuhara au kutapika mpaka maji yanakuishia mwilini, toka, kwa sababu figo zikikosa maji dawa inabaki ndani. Na homa. Sisi watu wa mkoa huu tukiona homa tunasema malaria, tunanunua dawa, tunalala. Wewe nenda kapime, na dozi ya wiki hiyo isubiri mpaka mtu amekuona.

Hili liandike kwenye hilo daftari lako kwa wino mwekundu: Septrin hapana. Watu wanaimeza kwa kikohozi, kwa mkojo, kwa lolote. Septrin na methotreksati zote zinaibana foliki, zikikutana uboho unaweza kuacha kutengeneza damu. SP ya malaria nayo ina tabia hiyo. Ukifika dirisha lolote la dawa, sema "natumia methotreksati" kabla hujasema kinachokuuma.

Prednisoloni, mwalimu kaimaliza, naongeza moja. Usiikate ghafla hata siku utakayoichukia. Tezi zilizo juu ya figo hutengeneza homoni ya aina hiyo, na mtu akiimeza muda mrefu zinalala. Ukikata ghafla mwili hauna chake wala cha kumeza, na mtu anaweza kuanguka. Inashushwa kwa ngazi ndogo, kama anavyofanya bingwa wako.

Bwana Mizizi, sina ugomvi na tangawizi. Lakini unga unaomfanya mtu wa rumatoidi akimbie kesho yake nauogopa kuliko boksi lenye karatasi. Dawa za viungo zinazoitwa za asili zimeshapimwa katika nchi mbalimbali, baadhi zikakutwa zimetiwa steroidi au diklofenaki. Dada fundi atakuwa anameza prednisoloni ya pili juu ya yake, bila kujua kiasi.

Binti Chumbageni, hongera. Methotreksati na mimba hapana kabisa, inamharibu mtoto. Huachwa mapema, madaktari wengi husema miezi mitatu kabla, na muda huo wote uzazi wa mpango uwe wa uhakika. Lakini huachwi mikono mitupu: haidroksiklorokwini na sulfasalazini hutumika hata mama akiwa mjamzito, sulfasalazini ikienda na foliki. Leflunomidi, dawa nyingine ya ugonjwa huu, ikitajwa, sema mapema kwamba unataka mtoto, hiyo hukaa mwilini muda mrefu sana. Nenda kwa daktari sasa, usingoje hina. Na ukweni waambie watulie.

Mizizi na Majani

Sawa mfamasia. Lakini mbona wanaomeza dawa zenu wako maabara kila siku wanatolewa damu? Kitu kizuri hakilindwi hivyo.

Mwalimu Mstaafu, Pangani

Hiyo ndiyo sababu ninayoiamini zaidi, bwana. Mwanzoni damu hupimwa kila wiki mbili hadi nne, ukishatulia kila miezi miwili au mitatu. Ini la dada huyu likianza kulalamika, karatasi ya maabara itasema kabla yeye hajahisi chochote, dozi ipunguzwe au isimamishwe, na mara nyingi ini hurudi sawa. Unga wa jirani utapimwa kwa kipimo gani? Miaka yangu ya prednisoloni hakuna aliyekuwa akinipima mifupa wala macho. Ningefurahi sana kusumbuliwa.

Fundi wa Makorora

Nimesoma yote, mengine nimeyarudia. Ahsanteni. Mwalimu, pole kwa mgongo, na kwa chaki.

Niwaambie nilivyopima, maana ndicho nilichokuja kutafuta. Kichefuchefu nakijua siku yake na saa yake, kwa hiyo naweza kukipangia. Kidole kikishapinda sikipangii kitu. Sukari nayo, kwa damu ya mama yangu, siipangii. Basi kama kuna dawa ya kushuka hapa, ni ile ninayoipenda, siyo ninayoichukia. Sikuja na jibu hilo kichwani. Nilikuja nikitaka mmoja wenu aniambie prednisoloni kidogo haina neno.

Hofu ya ini haijaondoka, niwe mkweli. Nadhani nitakuwa naichungulia ile karatasi kwa muda mrefu. Lakini nikijua damu inatazamwa, naweza kulala.

Alhamisi hii simezi, nasubiri Jumamosi usiku. Jumapili wateja ni wachache na binti anaweza kukaa kibandani mwenyewe, anajua kupinda na kutia vifungo, kukata tu ndiyo simwachii. Foliki naihamishia Jumatano, na kuiongeza nitamuuliza bingwa kwa simu kabla sijafanya lolote. Mkasi nimeshauzungushia kitambaa cha khanga, Binti Chumbageni umenisaidia kuliko unavyodhani. Gauni la harusi kama hujapata fundi, unajua nilipo.

Unga nimemrudishia jirani. Kanuna. Hasira zitamwisha.

Nina mawili yamebaki. Ramadhani inakuja na mie nafunga. Prednisoloni nimezoea asubuhi baada ya chai, sasa nitaimeza saa ngapi? Na Jumatatu natakiwa kwenda kutoa damu. Kuna la kuwaambia maabara, au wanajua wenyewe?

Mfamasia wa Muheza

Kwanza muulize daktari kama ufunge, yeye anazijua figo zako. Akiruhusu, prednisoloni meza daku, baada ya chakula, na usiiruke hata siku moja. Methotreksati ya Jumamosi inaangukia usiku, haigusi funga. Maji yanywe kuanzia futari mpaka daku, kidogo kidogo, siyo jagi zima wakati wa adhana. Ukiharisha au ukitapika sana, fungua, mgonjwa ameruhusiwa.

Maabara: picha nzima ya damu na vipimo vya ini kwa kawaida vinaandikwa. Hakikisha na kreatinini, kipimo cha figo, imo kwenye fomu, kama haimo mwombe daktari aiongeze. Methotreksati hutolewa na figo, na wewe umekaa na diklofenaki muda mrefu. Kama kuna vidonge vya diklofenaki vimebaki kwenye droo, visitoke humo kabla majibu hayajasomwa na daktari. Maumivu yakizidi katikati ya wiki, Panadol.